Kabla Hujapanda Kilima cha Lubaga

Tarehe 28 Novemba 2015 Papa Fransisko aliadhimisha Misa Namugongo kwa heshima ya Mashahidi wa Uganda. Siku kumi baadaye, tarehe 8 Desemba, ilianza kutumika sheria aliyokuwa ameitia sahihi mwezi Agosti, Mitis Iudex Dominus Iesus, iliyobadili namna mahakama za Kanisa Katoliki zinavyochunguza kama ndoa ilifungwa kihalali au la. Mambo hayo mawili yalifuatana kwa karibu mno hata yakachanganyika vichwani mwa watu. Hapa Kawempe, Kampala, kuanzia Bwaise hadi Mpererwe, wapo waliobaki na neno moja tu: Papa alikuja, akaruhusu talaka.

Hakuruhusu. Lakini uvumi huo, pamoja na kosa lake, uliwaamsha watu waliokuwa wamekwisha kukata tamaa. Mama aliyeachwa na mumewe miaka mingi iliyopita, anayeuza nyanya Kalerwe na kukaa viti vya nyuma kanisani, akaanza kuuliza kama kuna njia. Baba anayeishi na mke wa pili, ambaye kila akiombwa kusimamia ubatizo wa mtoto wa ndugu yake hutafuta udhuru, naye akauliza. Kijana wa Kazo aliyempata mchumba aliyewahi kufunga ndoa akaambiwa na wazee amwache, akauliza. Nawaandikia hao, na ndugu zao, kwa sababu wengi wanauliza mahali pasipo na majibu: kwenye boda, saluni, msibani. Jibu wanalopewa huko ama linawapa tumaini la uongo, ama linawafungia mlango uliokuwa wazi.

Tuanze na kile ambacho sheria mpya haikukigusa. Kanisa bado linafundisha kwamba ndoa halali ya Wakristo wawili, ikishakamilishwa, haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, hata na askofu. Kwa hiyo mahakama ya Kanisa haiachanishi watu. Inauliza swali moja: siku ile mliposimama mbele ya padre na kusema "ndiyo", je, ndoa ilizaliwa? Ikithibitika kwamba kulikuwa na kasoro kubwa iliyoizuia isizaliwe, mahakama hutangaza kwamba ni batili tangu mwanzo. Isipothibitika, ndoa inahesabiwa halali, maana sheria ya Kanisa huitetea ndoa hadi kinyume chake kithibitike.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu huja na mkoba wa machungu: mume alianza ulevi mwaka wa nane, mke aliondoka na mtu mwingine baada ya watoto watatu, wakwe waliingilia, biashara ilianguka. Machungu hayo ni ya kweli, na paroko mwema atayasikiliza. Lakini mahakama itauliza yanaonyesha nini kuhusu siku ya harusi. Ulevi ulioanza mwaka wa nane hauwezi kubatilisha ahadi iliyotolewa kwa akili timamu miaka minane nyuma. Ulevi uliokuwa umemtawala mtu kabla ya harusi, hata asiweze kubeba wajibu wa ndoa, ni habari nyingine kabisa. Ukielewa tofauti hiyo umeelewa nusu ya jambo hili.

Kilichobadilika ni njia. Tangu mwaka 1741, wakati wa Papa Benedikto wa XIV, hukumu ya ubatili ilipaswa kuthibitishwa na mahakama ya pili kabla mtu hajawa huru kuoa au kuolewa. Hata pale ambapo hakuna aliyepinga, faili lilikwenda kwa majaji wengine na kungoja tena. Sharti hilo lilidumu miaka 274. Leo hukumu moja inatosha, ikiwa hakuna aliyekata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Haki ya rufaa bado ipo, na mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta kila hoja ya haki inayoonyesha kwamba ndoa ni halali, bado yumo katika kila kesi. Asikutishe. Hakuchukii wewe, anailinda ndoa, na hukumu iliyopita mbele yake ndiyo unayoweza kuitegemea.

Badiliko la pili lina uzito mkubwa hapa kwetu, ingawa nadra kusikia likizungumzwa. Zamani, mume akishahamia nchi nyingine, mke aliyebaki alikuwa na shida ya kupata mahakama yenye mamlaka juu ya kesi yake. Alipaswa kwenda kwenye jimbo ilikofungwa ndoa au jimbo la mume, na njia ya kutumia jimbo lake mwenyewe ilikuwa nyembamba yenye masharti. Sasa jimbo la makazi ya yeyote kati ya wawili hao linaweza kuipokea kesi. Tazama Kawempe ilivyo: watu wametoka Masaka, Fort Portal, Gulu, wengine Bukavu na Goma, waume na wake wamekwenda Dubai, Muscat, Juba, London. Mwanamke aliyefunga ndoa Goma, anayeishi Kanyanya, ambaye mumewe hajulikani yuko wapi katika nchi za Ghuba, hahitaji kurudi Goma ili asikilizwe. Jimbo Kuu la Kampala linaweza kumsikiliza. Mume atatafutwa na kuitwa kwa haki, na asipojibu, kesi inaendelea bila yeye. Kunyamaza kwake hakumfungi mwenzake maisha.

La tatu ndilo lililozua maneno mengi zaidi: utaratibu mfupi, ambao askofu mwenyewe ndiye hakimu. Watu wamesikia habari za siku 45, wakadhani ni haki ya kila mtu. Si hivyo. Ni lazima wote wawili waombe pamoja, au mmoja aombe na mwenzake akubali waziwazi. Na ushahidi uwe dhahiri kiasi kwamba hakuna haja ya uchunguzi mrefu. Hapo kikao cha kukusanya ushahidi hupangwa ndani ya siku 30, zikafuata siku 15 za hoja, kisha faili likaenda kwa askofu. Askofu asipokuwa na uhakika wa kimaadili hatangazi kwamba ndoa ni halali. Anairudisha kesi kwenye njia ya kawaida. Sheria yenyewe inataja mifano ya mazingira yanayoweza kuruhusu njia hii: kukosa imani hata mtu akayakataa moyoni yale anayoyatamka, maisha ya ndoa ya muda mfupi sana, mtu kuendelea na mpenzi wa nje wakati wa harusi au mara baada yake, kuficha kwa udanganyifu utasa, ugonjwa mkubwa wa kuambukiza, watoto wa uhusiano wa awali au kifungo cha gerezani, mtu kupigwa ili akubali.

Nawasihi msisome mifano hiyo kama orodha ya tiketi. Mimba imetajwa pia, na Kawempe harusi za haraka kwa sababu ya mimba tunazifahamu. Lakini mimba peke yake haibatilishi ndoa. Wapo waliofunga ndoa binti akiwa na mimba ya miezi mitano, wakapendana hadi uzeeni. Kinachotafutwa ni kama mimba ile, pamoja na vitisho vya baba na aibu ya ukoo, ilimnyima mmoja wao uhuru wa kusema hapana. Vivyo hivyo kwa aliyejua kwamba ana virusi vya UKIMWI, akamficha mchumba kwa makusudi ili akubaliwe: jambo zito ni udanganyifu uliokusudiwa kuipata ndiyo ya mwenzake.

Asiyefaa kwa njia fupi asivunjike moyo. Wengi watapita njia ya kawaida, na sheria ya Kanisa inataka kesi isivuke mwaka mmoja katika mahakama ya kwanza. Mara nyingi inavuka, na katika mengi niliyoyasikia, kuchelewa kunatokana na jambo ambalo mwombaji angeweza kulisaidia: mashahidi.

Hapa nataka kukaa kidogo. Kesi yako itasimama au kuanguka kwa kumbukumbu za watu waliokuwepo kabla ya harusi na siku zile za mwanzo. Katika Buganda tunao watu hao kwa desturi kabisa. Kuna ssenga, shangazi aliyemwandaa bibi harusi, ambaye huenda alimsikia akilia usiku wa kuamkia siku ile na akajua analia nini. Kuna msemaji wa ukoo siku ya kwanjula, sherehe ya kuwatambulisha wachumba kwa ukoo, anayekumbuka kama mahari ililipwa kwa furaha au kwa kushurutishwa. Kuna wasimamizi wa harusi, bwana na bibi, katekista aliyetoa mafundisho ya ndoa, mwenye nyumba mlipopanga chumba cha kwanza, dada aliyekuja kusaidia mtoto alipozaliwa. Hao wana thamani kuliko rafiki uliyempata mwaka jana, hata kama rafiki huyo ndiye anayekuonea huruma zaidi. Yeye anayajua machungu yako ya leo, siku ya harusi hakuwepo.

Na hao wa zamani wanazeeka. Ssenga wa mtu aliyefunga ndoa mwaka 1995 huenda leo ana miaka themanini. Ninaposema uanze mapema sina maana ya kukimbiza hukumu, nina maana ya kuufikia ushahidi ungali hai. Andika majina yao, simu zao, wanakoishi, na kile ambacho kila mmoja anakijua. Usiwafundishe maneno. Mashahidi watatu wanaorudia sentensi ileile kama wamekariri huharibu kesi ya kweli, na kiapo mbele ya mahakama ya Kanisa ni kiapo mbele ya Mungu. Waambie tu kwamba wataitwa, na waseme wanachokikumbuka, hata kisichokupendeza.

Tangu marekebisho hayo, maelezo ya wanandoa wenyewe yanaweza kuwa ushahidi kamili pale yanapoungwa mkono na watu wanaoshuhudia uaminifu wao na dalili nyingine. Kwa hiyo anayesema "sina shahidi, basi sina kesi" asijikatie tamaa kabla ya kuzungumza na mtu wa mahakama. Tafuta barua za zamani, ujumbe wa simu, picha, hati za hospitali, karatasi ya polisi kama kulikuwa na kipigo. Chukua cheti cha ndoa kutoka parokia ilikofungwa, na vyeti vipya vya ubatizo, kwa sababu pembeni mwa kitabu cha ubatizo huandikwa habari za ndoa. Kama mahakama ya serikali ilishatoa talaka, beba nakala yake. Kisha andika historia yenu kwa lugha unayoimudu vizuri, iwe Kiganda, Kiswahili au Kiingereza: mlivyofahamiana, uchumba ulikuwaje, nani alitaka harusi, nini kilitokea wiki zile za kabla na miezi ile ya baada. Kurasa tano zenye ukweli zinatosha.

Ukiwa na hayo, usianzie Lubaga, kwenye mahakama ya jimbo kuu. Anzia kwa paroko wako. Sheria mpya inataka wachungaji wa parokia wawe karibu na waliotengana, wawasikilize na kuwasaidia kuona kama kuna msingi wa kesi. Kama hakupata muda Jumapili baada ya Misa, omba siku ya wiki. Na kama unaona haya kwa sababu paroko ni kijana kuliko mwanao wa kwanza, nenda vivyo hivyo, mama. Kusikiliza ni wajibu wake.

Huenda paroko akagundua kwamba huhitaji kesi kabisa. Mkatoliki anapaswa kufunga ndoa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, isipokuwa amepata ruhusa ya askofu. Mkatoliki aliyefunga ndoa msikitini, au kwa Waanglikana, au kwa walokole, au kwa msajili wa serikali, au aliyeishia kwenye kwanjula tu, bila ruhusa hiyo na bila kuirekebisha baadaye kanisani, hakufunga ndoa machoni pa Kanisa. Hilo huthibitishwa kwa hati na uchunguzi wa kawaida wa kabla ya ndoa. Katika mtaa wenye Waislamu wengi na wanandoa wa dini mchanganyiko kama wetu, watu wa namna hii ni wengi, na baadhi yao wamekaa miaka wakidhani wamefungwa.

Lakini jambo hilo lina upande wa pili unaowashangaza wachumba. Sheria hiyo inawafunga Wakatoliki. Waanglikana wawili waliofunga ndoa katika kanisa lao, Waislamu wawili kwa nikaha, wawili wasiobatizwa waliooana kwa mila: ndoa zao Kanisa Katoliki linazihesabu kuwa halali hadi ithibitike vingine. Binti Mkatoliki akimpata mwanamume Mwanglikana aliyeachana na mkewe kwa hukumu ya serikali, paroko hawezi kuwafungisha ndoa kwa kuona karatasi ya talaka. Ndoa ile ya kwanza lazima ichunguzwe. Mwambie paroko habari hiyo kabla ya kupanga kwanjula na kuchapisha kadi, kwani nimeona familia zikitoa ng'ombe na kukodi mahema kwa harusi ambayo padre asingeweza kuiadhimisha.

Kuhusu fedha, Papa Fransisko alitaka huduma hii itolewe bure kadiri iwezekanavyo, huku wafanyakazi wa mahakama wakipata malipo yao ya haki. Jimbo linaweza kuomba mchango wa gharama. Omba maelezo yake, omba risiti, na kama huna uwezo, sema. Umaskini si sababu ya kumnyima mtu haki katika Kanisa. Atakayekwambia kwamba anamfahamu mtu ofisini, kwamba ukimpa kiasi fulani barua itatoka Roma kwa wiki mbili, ni mwizi. Hakuna njia kama hiyo. Mwondokee, na umweleze paroko.

Sasa upande wa serikali, ambao ukiuacha utakuumiza. Hukumu ya mahakama ya Kanisa haina nguvu katika sheria ya Uganda. Ndoa iliyofungwa kanisani na kusajiliwa inabaki hai serikalini hadi mahakama ya serikali iivunje au iibatilishe. Ukitangaziwa ubatili Lubaga ukakimbilia harusi nyingine bila kumaliza upande huo, unajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kuoa au kuolewa mara mbili. Kinyume chake pia ni kweli: talaka ya mahakama ya serikali haikupi uhuru wa kufunga ndoa kanisani. Ni mahakama mbili, kila moja ina swali lake.

Wanawake wanaogopa kwamba kwenda Lubaga kutawapotezea kibanja au matunzo ya watoto. Hukumu ya Kanisa haigusi mali, haigusi malezi, haigusi urithi. Na watoto hawawi wa haramu. Sheria ya Kanisa inawataja waziwazi kuwa halali wale waliozaliwa katika ndoa iliyodhaniwa halali. Wanaume, msiitumie hukumu hiyo kumwambia mwanamke kwamba hakuwahi kuwa mkeo, kwa hiyo hana haki ya chochote. Kwa mambo ya mali na talaka, wanawake wana silaha nzuri kuliko mama zao: mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake, FIDA, iliondoa ubaguzi uliomtaka mke athibitishe makosa mengi kuliko mume ili apate talaka. FIDA bado inasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Na kama unapigwa, toka. Usingoje mahakama yoyote. Sheria ya Kanisa yenyewe inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayehatarisha mwili au roho yake au ya watoto. Nenda kwa ndugu, nenda polisi kwenye kitengo cha familia na watoto. Habari za ubatili zitafuata ukiwa salama.

Wapo wanaojinyima Komunyo bila sababu, nao wananisikitisha kuliko wengine. Mtu aliyetengana, au hata aliyepewa talaka na serikali, ambaye anaishi peke yake, hakuzuiwa Ekaristi kwa sababu ya talaka hiyo. Mama wa Kalerwe niliyemtaja mwanzoni, kama hajaingia katika ndoa nyingine, anaweza kuungama na kukomunika Jumapili hii. Hahitaji hukumu ya mtu. Mwenye mwenzi mpya azungumze na padre wake kwa ukweli, maana hali hazifanani, na wosia Amoris Laetitia wa mwaka 2016 unawataka mapadre watembee na watu hao hatua kwa hatua wasiwafukuze.

Niliowaona wakipitia safari hii vizuri hawakuwa wote wamepata hukumu waliyoitaka. Baadhi walijibiwa kwamba ubatili haukuthibitika. Hata hivyo walisikilizwa, wakaieleza habari yao yote kwa mara ya kwanza mbele ya mtu aliyeiandika kwa makini, na wakajua wanasimama wapi. Mtu anayejua anasimama wapi anaweza kupanga maisha yake.

Mapadre wa Kawempe nawaomba jambo moja: tangazeni haya mimbarani, walau mara moja kwa mwaka, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na mtaje siku na saa ambazo mtu anaweza kuja faraghani. Nawe msomaji mwenye ndoa iliyovunjika, wiki hii andika majina ya mashahidi wako, anza na aliye mzee kuliko wote, kisha nenda ukaonane na paroko.